Kisanduku Nilichoamuru Kiachwe Wazi

Vijana wangu mnaoajiriwa sasa kwenye madirisha ya kupokelea wagonjwa, kwenye maabara na kwenye wodi za wazazi: mtu aliyestaafu hatarajiwi kushtushwa tena na mambo ya ofisi. Mimi nilishtuka wiki iliyopita, asubuhi, mbele ya foleni ya watu, hata nikalazimika kushika ukingo wa dirisha. Nilikuwa nimemsindikiza binti yangu Salma kliniki, katika hospitali niliyoitumikia maisha yangu yote ya kazi nikiwa mkuu wa kumbukumbu. Ukutani, nyuma ya karani, palibandikwa karatasi iliyofunikwa plastiki. Ilikuwa amri yangu. Sahihi ni yangu, na muhuri niliugonga mwenyewe, ukiwa umenyooka, kama nilivyowafundisha wote waliopita mikononi mwangu.

Amri ile ilipaswa kufutwa zamani sana. Naandika ili iondoke ukutani, na ili jina la Haji, mtaalamu wa maabara, lililochafuliwa kwa sababu mimi nilinyamaza, lisafishwe na mtu yuleyule aliyenyamaza. Hospitali sitaitaja. Wanaoijua wanaijua, na wasioijua watazame ukuta wa dirisha lao wenyewe.

Niseme kwanza amri ilivyozaliwa, maana haikuzaliwa na uovu. Fomu yetu ya kuombea vipimo vya damu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Mja mzito: Ndiyo / Siyo". Siku moja karani wangu mgeni, kijana mwenye sauti kubwa na haya ndogo, alimuuliza mama mmoja mtu mzima kupitia dirishani, "Bi, una mimba?" Nyuma ya mama yule, katika foleni ileile, alikuwa amesimama mkwewe, mume wa binti yake. Yule mama alijifunika uso kwa ukaya, akageuka, akarudi kwao bila ya kupimwa. Mkwewe naye alitazama chini mpaka foleni ikaisha.

Nilighadhibika. Nilimwita karani ofisini nikamwambia kwamba dirisha la serikali si baraza ya kupigia soga. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimekwisha kuandika: "Kuanzia leo, karani yeyote asimuulize mwanamke habari ya mimba dirishani. Kisanduku kinachohusika kiachwe wazi." Wakubwa walinisifu. Mkuu mmoja alisema hiyo ndiyo heshima ya Kizanzibari. Nami nilijiona nimewastiri wanawake wa kisiwa kizima kwa mistari miwili.

Hakuna aliyeniuliza maabara watafanya nini na kisanduku kilicho wazi. Wala mimi sikujiuliza.

Sikusomea udaktari. Kidogo ninachokijua kuhusu damu nilifunzwa na watu wawili. Wa kwanza ni huyo Haji, aliyekuwa bado kijana mbichi alipoanza kunifundisha mimi mzee wake. Nilimletea siku moja chupa ya kifuniko cha buluu, ile ya vipimo vya kuganda kwa damu, nikiibeba mwenyewe kwa sababu mhudumu alikuwa ameenda kula. Aliinyanyua kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Mzee Khatibu, damu haijafika kwenye mstari. Siipimi hii."

"Imepungua kidogo tu, bwana."

"Kidogo kwako. Humu ndani mna maji ya dawa yanayozuia damu isigande, na yametiwa kwa kipimo cha chupa iliyojaa mpaka hapa. Ukitia damu nusu, dawa inazidi, na mashine itasema uongo kwa adabu kabisa. Nirudishie mgonjwa achomwe tena."

"Nani atamwambia mgonjwa kwamba anachomwa tena?"

"Aliyeleta chupa," alisema, akacheka. Nilikwenda nikamwambia. Nanyi likaririni hilo: chupa ya buluu ijae mpaka mstarini, igeuzwe taratibu mara chache bila ya kutikiswa kama togwa, na iandikwe saa damu ilipotoka. Saa hiyo ina maana kubwa, kama mtakavyoona.

Mwalimu wangu wa pili ni Bi Rukia, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, mwanamke wa Jang'ombe mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya pili ya barabara, na subira fupi mno kwa makarani. Yeye nilimuuliza fibrinojeni ni kitu gani, maana neno hilo nilikuwa nikiligongea muhuri kila wiki bila ya kulielewa.

"Ushawahi kufika Bwejuu?" alinijibu.

"Nimefika mara nyingi."

"Umewaona wanawake wanavyofanya kamba?"

Nilikuwa nimewaona. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani miezi kadhaa, hufukuliwa, hupondwa, ukatoka usumba, na usumba ukasokotwa kuwa kamba.

"Basi fibrinojeni ndio usumba wa damu," alisema. "Ni protini. Inatengenezwa na ini, ikaogelea ndani ya plazma, yale maji ya manjano yanayobaki chembe za damu zikitua chini. Huioni. Mshipa ukikatika, inasokotwa papo hapo ikawa nyuzi, nyuzi zikawa wavu, wavu ukazinasa chembe, damu ikasimama. Usumba ukimalizika, hakuna kamba. Mtu anamwagika kama mfereji uliofunguliwa."

"Na mwenye mimba?"

"Mwenye mimba mwili wake una akili kuliko ofisi yako. Unajua iko siku kondo la nyuma litabanduka, na pale lilipokuwa limeshika pataacha midomo ya mishipa wazi. Kwa hiyo unajiwekea usumba mapema. Mtu wa kawaida, katika lita moja ya plazma, ana gramu mbili mpaka nne. Mja mzito wa miezi ya mwisho ana nne mpaka sita. Na ndiyo maana hukuta wengine damu imeganda mguuni bure. Ukimuona mja mzito kavimba mguu mmoja na unamuuma, usimwambie ni uchovu, mlete kwangu. Sasa nikuulize: akija wa miezi minane, ana mbili, utasema nini?"

"Nitasema ni kawaida."

"Kawaida ya nani, Khatibu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Maneno yale niliyahifadhi kichwani, katika jalada la peke yake, wala sikulifungua pamoja na jalada lililokuwa na amri yangu. Mtunza kumbukumbu mwenye majalada mawili yanayohusiana na asiyeyaweka pamoja hajui kazi yake. Nalisema hili juu yangu mwenyewe.

Kisha ikaja siku ya Mwanakombo, mgonjwa kutoka Bwejuu. Alikuwa msokota kamba, mimba yake ya tatu, mwezi wa nane. Aliletwa saa tatu asubuhi na mumewe, Makame, akilalamika tumbo. Damu iliyokuwa ikimtoka ilikuwa chache, ya kuchafua kanga tu. Daktari wa zamu, kijana aliyehamia kwetu karibuni, alimuandikia vipimo, na Makame akaileta fomu dirishani. Karani wangu akaandika jina, umri, kijiji. Kisanduku akakiacha wazi, kwa utiifu.

Maabara palikuwa na majedwali mawili ya kusomea majibu, yamebandikwa ubavu kwa ubavu: la watu wote na la waja wazito. Haji alipima, akapata mbili nukta moja. Akaitazama fomu. Mgonjwa: mwanamke, umri wake huu, mimba haikutajwa. Akasoma jedwali la watu wote, akaandika mbele ya jibu neno moja: kawaida.

Daktari akalisoma neno lile. Alimuona mgonjwa kwa macho yake kwamba ana mimba, lakini hakujua kwamba tarakimu ile kwa mwenye mimba si ileile, na karatasi yenye muhuri ilimtuliza. Alimwambia Makame wasubiri.

Saa tano na nusu Bi Rukia aliingia zamu. Aliweka kiganja juu ya tumbo la Mwanakombo akalikuta gumu kama ubao. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka kabla ya wakati wake, na damu ilikuwa ikijaa ndani, nyuma yake, pasipoonekana. Usumba wote ulikuwa ukikimbilia huko, ukisokotwa na kwisha. Kilichopimwa saa tatu hakikuwa tena kilichomo mwilini saa tano na nusu.

Mimi nilikuwa mezani nikipanga fomu za mwezi. Mlango ulisukumwa bila ya hodi. Bi Rukia aliingia, mkono wake wa kulia umefumba ngumi.

"Saa yako inakwenda?"

"Inakwenda, Bi Rukia. Ndiyo saa pekee iliyo sahihi katika—"

"Sikukuuliza sifa zake. Ya wodi imekufa. Nihesabie. Dakika mbili zishapita nikiwa kitandani kwa mgonjwa."

Saa ya wodi nilikuwa nimeiandikia barua tatu za kuomba betri, kila moja na namba yake. Sikupata nafasi ya kulieleza hilo. Alifumbua ngumi nikaona kichupa cha kioo, kikavu, kisicho na dawa yoyote, na ndani yake damu mbichi kiasi cha kijiko kimoja kidogo kisichojaa. Akaifumba tena. Hicho ni kipimo cha wakunga, kisichohitaji umeme wala mashine: damu hukaa katika joto la mkono, dakika ya nne unakilaza kichupa taratibu, kisha kila dakika unakilaza tena. Damu ya mtu salama hushika kabla ya dakika saba hata ukakipindua kichupa isimwagike. Isiposhika, au ikashika kidonge laini kinachovunjika, mgonjwa wako hana kamba.

"Nne," nilisema.

Akakilaza. Ikatiririka.

"Tano."

Ikatiririka.

"Sita."

Ikatiririka tena. Niliisikia saa yangu ikigonga ukutani, saa niliyojivunia miaka yote, nikaichukia.

"Saba, Bi Rukia."

Akakipindua kabisa juu ya karatasi iliyokuwa mezani pangu. Damu ikamwagika yote, nyekundu na nyepesi kama maji ya zabibu, ikasambaa juu ya fomu zangu zilizopangwa. Nilisimama. Nimeona mengi katika hospitali, lakini sijapata kushtuka vile, maana nilikuwa nikitazama damu ya mtu aliye hai, chumba cha pili, iliyosahau kazi yake.

"Haji!" aliita. Sauti ilifika maabara bila ya simu.

Haji alikuja mbio. Bi Rukia alimuwekea karatasi ya majibu machoni. "Nani kaandika kawaida hapa?"

"Mimi, Bi."

"Mwenye mimba ya miezi minane ana mbili nukta moja, unaandika kawaida?"

Niliona uso wa Haji ukibadilika rangi. "Ana mimba? Bi, wallahi, kisanduku kiko wazi. Nimetumia jedwali la watu wote."

"Na nani kakiacha wazi?"

Haji hakujua. Amri ile ilikuwa ya dirishani, maabara haikupelekewa nakala. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu mle chumbani, naye alikuwa akifuta damu kwenye fomu kwa leso yake. Nilisema, "Tutaliangalia hilo baadaye." Ndiyo maneno niliyosema, kama yalivyo.

Walikimbia wote wawili. Plazma iliyokuwa kwenye friza ya benki ya damu ikayeyushwa, ndugu wa Bwejuu waliojaza ukumbi wakatolewa damu mmoja baada ya mwingine, na daktari bingwa akaitwa. Mwanakombo aliishi. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hana uhai. Nilimuingiza mimi mwenyewe kwenye daftari, kwa wino, katika safu yake.

Makame alikuja dirishani jioni ile kuchukua kibali cha maziko. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mzee, karani wenu aliniandika mpaka jina la sheha wangu. Mbona hili la mimba hakuniuliza?"

"Tuliona ni jambo la stara," nilimjibu.

"Tumbo lote lile? Bwejuu nzima ilijua. Mngeniuliza ningewaambia."

Bi Rukia, aliyekuwa nyuma yangu, alingoja mpaka ameondoka. Akaniambia polepole, kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo: "Khatibu, wewe unaona haya kwa niaba ya watu ambao hawajakutuma."

Alikuwa amekwisha kuelewa. Hakumwambia mtu, aliniachia mwenyewe. Na mimi je? Kamati ndogo ilikaa. Iliuliza kwa nini mtaalamu wa maabara hakuhakikisha hali ya mgonjwa kabla ya kuandika majibu. Swali lilikuwa la haki, lakini lilikuwa nusu ya swali. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikao. Hakuna aliyeniuliza habari ya kisanduku, nami nikaandika yale tu yaliyosemwa, neno kwa neno. Haji alipewa barua ya onyo. Niliipa namba, nikaitoboa, nikaitia katika jalada lake. Haikuwa na kosa hata moja la uandishi.

Vijana, yupo mtu anayeweza kusema uongo bila ya kuandika neno la uongo. Mmekwisha kumjua.

Sikuifuta amri. Kuifuta kungehitaji kueleza sababu, na sababu ingesomwa. Niliwaambia makarani kwa mdomo tu wawe waangalifu, nao walikuwa waangalifu kwa muda ambao neno la mdomo hukumbukwa. Haji aliacha kazi mwaka haujesha. Bi Rukia alistaafu kisha akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nami nilifanyiwa hafla, nikapewa cheti cha utunzaji bora wa kumbukumbu. Kipo kabatini, kimelala kifudifudi.

Sasa rudini nami dirishani, wiki iliyopita. Salma alikuwa na mimba ya miezi minane. Karani, msichana nadhifu aitwaye Zuleikha, alimuandika jina, umri, mtaa. Kalamu yake ilipofika kwenye kisanduku, ikaruka.

"Mwanangu," nilimwambia, "umeruka kisanduku."

"Shikamoo, babu. Hicho hatukijazi."

"Marahaba. Kwa nini hamkijazi?"

"Heshima kwa kina mama, babu. Ipo amri." Akaonyesha ukutani bila ya kugeuka. "Ya marehemu mkuu wa kumbukumbu wa zamani."

"Marehemu?"

"Ndivyo tulivyoambiwa. Alikuwa mkali huyo! Wanasema hata muhuri ukienda upande alikuwa anakufanya urudie."

Watu wa foleni walicheka. Salma alicheka zaidi, ameshika tumbo lake. Mimi ndipo nilipoushika ukingo wa dirisha. Nilikuwa nikimuona mwanangu wa kumzaa amesimama pale aliposimama Makame, na fomu yake inakwenda maabara ikiwa kimya.

"Marehemu ndiye mimi," nilisema. "Na amri hiyo nilikosea. Muulize."

Zuleikha alisita. Alitazama foleni, akanitazama mimi. "Mbele yako, babu?"

"Mbele yangu. Kwa sauti ya chini, kwa adabu, lakini muulize."

Akainama karibu na tundu la dirisha. "Dada, samahani, una mimba?"

"Naam," alisema Salma kwa furaha, "ya miezi minane, na ananipiga teke sasa hivi." Bibi mmoja wa nyuma yake akasema mashaallah. Zuleikha akatia alama. Haikuchukua muda wa kuvuta pumzi. Hakuna aliyejifunika uso wala aliyerudi nyumbani.

Siku ileile niliomba karatasi na kalamu katika ofisi iliyokuwa yangu. Niliandika kwamba amri ile imefutwa na aliyeiandika, pamoja na sababu, na kwamba barua ya onyo katika jalada la Haji ilitolewa bila ya kamati kuambiwa ukweli ambao katibu wake aliujua. Mkuu wa sasa aliisoma akasema si lazima kufukua mambo ya zamani. Nilimwambia aipe namba na kuitia muhuri, na mpaka alipofanya hivyo sikuondoka kitini. Niliomba nakala mbili: moja ikae katika jalada la Haji juu ya ile barua ya onyo, na moja ya kuchukua.

Haji ana duka la vitambaa Mlandege. Nilimkuta akimpimia mteja, kitambaa kimevutwa mpaka kwenye mstari, si zaidi si pungufu. Alinisalimu kama zamani. Nikampa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akarudi juu akaisoma tena.

"Kumbe ulijua," alisema. "Siku ileile."

"Nilijua."

"Mimi miaka yote hii nnajiuliza vipi sikutoka nikaenda kumtazama yule mama kwa macho yangu. Nimemuota, mzee. Nimemuota mara nyingi."

Mteja alikohoa. Haji aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akachukua mkasi.

"Kisanduku kinajazwa sasa?"

"Kinajazwa."

"Haya," alisema, na akaendelea kukata.

Nilingoja kidogo mlangoni, kisha nikaondoka. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sitaandika asilolisema.